Betri mpya inakufa kila asubuhi: pima kabla ya kununua alteneta

Ndugu mwenye RAV4 wa kule Majengo, nimesoma ulivyoeleza. Umeweka betri mpya, bado asubuhi starta inakoroma tu. Usiku ukiwa njiani taa ya betri kwenye dashibodi inawaka hafifu. Fundi ameangalia kidogo akasema alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, imekufa, tafuta dola.

Usizitoe hizo dola leo. Dalili zako zinaweza kutoka kwenye alteneta, zinaweza pia kutoka kwenye kipande cha waya, na hakuna fundi anayeweza kuvitofautisha kwa macho. Tafuta multimita, ile mita ya kupimia umeme. Ile ya bei ndogo inayouzwa Birere inatosha kwa karibu kazi hii yote. Mimi natengeneza umeme wa magari hapa Goma, na inaniuma kuona mtu aliyekwisha nunua alteneta analeta gari likiwa na ugonjwa uleule.

Anza na betri yenyewe, asubuhi kabla hujafungua kontakti, yaani swichi ya ufunguo. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, ikisoma 12.0 imebaki kidogo sana. Kisha mtu mwingine apige starta wewe ukiangalia mita: namba itashuka, hilo ni kawaida, lakini isiende chini ya 9.6 hivi. Kama ilikuwa 12.6 na ikaanguka hadi 8, betri yako haifai hata kama ni mpya. Betri iliyolala tupu siku nyingi inaharibika ndani, na yako imeshalala tupu mara kadhaa. Kwa hiyo ipeleke kwanza kwenye chaja ijae polepole. Alteneta haikutengenezwa kufufua betri iliyokufa. Ukiilazimisha kazi hiyo kila siku nayo inaungua.

Sasa washa injini, pima tena kwenye nguzo za betri. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, betri haipati chaji. Ikipita 15, regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti volti ya alteneta, imeharibika na inapika betri: maji yanakauka haraka, unasikia harufu kama ya mayai yaliyooza, balbu zinaungua ovyo. Namba ikiwa nzuri usifurahi mapema. Washa taa kubwa, feni ya ndani na waipa, kanyaga mafuta kidogo, uone kama bado inasimama juu ya 13.5. Balbu mbili za wati 55 peke yake zinakula ampea 9 hivi, na injini ikiwa inanguruma taratibu kwenye foleni, alteneta inatoa sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Mtu anayeendesha usiku tu, safari fupi fupi kutoka Katindo hadi Himbi, anaweza kuwa na alteneta nzima na betri yenye njaa.

Ukiona chaji ni ndogo, hapa ndipo mafundi wengi wanaruka hatua. Kabla ya kuilaumu alteneta, pima njia ya umeme. Injini ikiwa inawaka na taa zote zimewashwa, weka pini moja ya mita kwenye boliti nene ya alteneta, ile yenye alama B, na nyingine kwenye nguzo ya chanya ya betri, kwenye risasi ya nguzo yenyewe, siyo kwenye kibano cha waya. Mita isipite volti 0.2. Halafu pini moja kwenye ganda la alteneta, nyingine kwenye nguzo ya hasi. Hapa pia isipite 0.2. Kila kinachozidi hapo ni umeme unaopotea njiani.

Kulikuwa na Hilux inayobeba mboga kutoka upande wa Sake, ililetwa ikiwa na alteneta ya pili. Kutoka boliti ya B hadi ganda lake nilipata 14.3, safi kabisa. Kwenye betri nikapata 12.9. Upande wa chanya ulikuwa unapoteza 0.1 tu, upande wa hasi 1.3. Nikaingia chini kutafuta waya wa masi, ule msuko wa shaba unaofunga injini na bodi. Kwa nje ulionekana upo. Nilipoufungua boliti, chini yake kulikuwa na kutu iliyochanganyika na vumbi jeusi, na nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zikawa za kijani, zimebaki chache upande mmoja. Starta nayo ilikuwa inalalamika kwa sababu inapita njia hiyohiyo. Tulikwangua chuma mpaka kikang'aa, tukafunga msuko mpya, betri ikasoma 14.2. Alteneta ya kwanza ilikuwa imeshauzwa kama chuma chakavu.

Hili kwetu ni la kawaida, wala halishangazi. Barabara zenye mawe ya volkano zinatikisa injini kutwa nzima, boliti zinalegea, na vumbi la lava linaingia kila pahali. Mvua ikija, kutu inamaliza kazi. Ukifungua vibano vya betri ukakuta ule unga mweupe na kijani, osha kwa maji ya moto na magadi ya kuokea, kausha, kwangua, kaza. Usipige nyundo juu ya kibano, risasi inapasuka kwa ndani.

Ikiwa njia zote mbili ni safi na chaji bado hakuna, angalia mkanda kwanza, kama umelegea au unang'aa kama kioo. Halafu fyuzi kubwa ya alteneta, na soketi ndogo nyuma yake. Kwenye Toyota nyingi ina waya tatu: IG unaleta umeme wa kontakti kuamsha regyuleta, S unasoma volti ya betri, L unakwenda kwenye taa ya dashibodi. IG ukikatika, alteneta nzima inakaa kimya. Tia kontakti bila kuwasha injini: taa ya betri lazima iwake. Isipowaka kabisa, tatizo linaweza kuwa balbu, waya wa L, au brashi za kaboni zilizokwisha, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya alteneta inayozunguka. Brashi zinauzwa zenyewe na zinabadilishwa. Zikiwa mpya zinatokeza karibu sentimita moja.

Kuna tabia moja nawaomba wote tuiache: kung'oa kibano cha betri injini ikiwa inawaka, eti injini ikiendelea basi alteneta ni nzima. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa ghafla wakati alteneta inachaji, volti inaweza kuruka ikapita 40 kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kuua kompyuta ya gari, regyuleta na redio. Mercedes ya dizeli ya zamani inaweza kuvumilia. RAV4 yako usithubutu, na fundi akinyoosha mkono kwenye kibano, mzuie.

Turudi kwako. Betri kufa usiku na taa kuwaka hafifu, vikija pamoja, mimi nawaza diodi ndani ya alteneta, vile vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Diodi moja ikitoboka, mchana chaji inapungua na usiku betri inaweza kujimwaga kupitia hiyohiyo. Gusa alteneta saa tatu au nne baada ya kuzima injini: ikiwa na joto wakati injini imeshapoa, hiyo ni dalili kubwa. Kisha washa injini, weka mita kwenye volti za mkondo geu (AC), pima betri. Ikizidi volti 0.5 diodi ni mbaya. Angalizo kwa mita za bei ndogo: nyingine zinaonyesha volti 20 na kitu hapo, na ukigeuza pini zinaonyesha sifuri. Hiyo ni mita inadanganya, tafuta nyingine.

Halafu pima kinachokunywa betri usiku. Zima kila kitu, toa kibano cha hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya kibano na nguzo, funga milango, subiri nusu saa. Usiguse starta mita ikiwa hapo, itaungua. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Ikiwa juu, chomoa fyuzi moja moja. Mara nyingi ni alamu au redio iliyofungwa kienyeji. Ikiwa hakuna fyuzi inayoishusha, tenga betri kabisa, fungua waya wa B kwenye alteneta, uzungushie tepu, upime tena. Namba ikianguka hapo, sasa ndiyo unajua ni alteneta, na hata hivyo muulize fundi kwanza kama kibao cha diodi kinapatikana peke yake.

Niandikie namba nne: volti ya asubuhi, volti injini ikiwaka na taa zote, upotevu wa upande wa hasi, na ampea za usiku. Nikiziona nitakwambia ufungue wapi.