Maswali ya Wasomaji: Saa ya Michezo na Vihisi Visivyotaka Kuungana

Hamjambo wahariri. Nimenunua mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Simu iliuona papo hapo, nikauoanisha. Lakini saa yangu ya michezo inatafuta mpaka inakata tamaa. Muuzaji anasema mkanda ni mzima. Shida iko wapi?
*Msomaji, Arusha*

Hatujambo, ndugu. Muuzaji hakukudanganya. Simu yako ndiyo imeushika mkanda, kwa hiyo saa haina pa kuingilia.

Mikanda mingi ya siku hizi hutuma mapigo kwa njia mbili, Bluetooth na ANT+. Kwa ANT+ mkanda hutangaza tu hewani, na vifaa vingi vinaweza kusikiliza kwa pamoja bila kuzuiana. Bluetooth haiko hivyo. Kifaa kinachopokea hushika nafasi, na nafasi zikijaa mkanda huacha kujitangaza. Mkanda wa Polar H9 una nafasi moja tu ya Bluetooth. Polar H10 na Garmin HRM-Dual zina mbili. Saa za Polar hutegemea Bluetooth peke yake, hivyo simu ikitangulia kwenye mkanda wa nafasi moja, saa itatafuta hadi kesho. Saa nyingi za Garmin husikia ANT+ pia, ndiyo maana wenye saa hizo hukutana na shida hii mara chache zaidi.

Anza na simu. Fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa jina la mkanda, uifanye simu iusahau. Funga na programu zote za mazoezi, maana baadhi yake huushika mkanda hata kama jina halionekani kwenye orodha ya simu. Kisha zima Bluetooth ya simu mpaka saa imalize kazi yake.

Sasa uamshe mkanda. Ukiwa mezani umelala, na saa haiwezi kuuona. Lowesha kwa maji zile sehemu laini za upande wa ndani, uvae chini kidogo ya misuli ya kifua, ubane kiasi cha kutoteleza unapovuta pumzi ndefu. Kisambazaji, yaani kile kidude cha mkanda kinachotuma mapigo, huwaka kinapohisi ngozi yenye unyevu pande zote mbili. Sogeza saa ndani ya mita 3, ukae angalau mita 10 mbali na vihisi vya watu wengine. Kwenye Garmin yenye vitufe vitano, shikilia kitufe cha katikati upande wa kushoto, ingia "Sensors & Accessories", halafu "Add New". Wewe chagua moja kwa moja aina ya kihisi unachotafuta, usiiachie saa itafute kila kitu kilicho hewani.

Bado kimya? Toa betri, subiri sekunde 30, irudishe alama ya kujumlisha ikitazama juu. Ukinunua mpya, soma namba. HRM-Dual hutumia CR2032 yenye unene wa milimita 3.2, na H10 hutumia CR2025 yenye milimita 2.5. Upana wake ni ule ule, milimita 20, kwa hiyo dukani hupewa moja badala ya nyingine bila mtu kushtuka. Iliyo nyembamba hulegea kwenye nafasi ya ile nene, na mawasiliano ya mkanda hukatika kila unapotua mguu.

Tunakimbia kikundi kikubwa alfajiri. Siku nyingine nikiwa nimesimama tu nasubiri wenzangu, saa inaniambia mapigo yangu ni 160. Je, moyo wangu una tatizo?
*Mkimbiaji, Iten*

Kabla ya kuuhofia moyo, weka vidole viwili shingoni, hesabu kwa sekunde 30, uzidishe kwa mbili. Ukipata 160 kweli ukiwa umesimama, nenda hospitali leo. Ukipata 60 au 70, saa inasoma kifua cha mtu mwingine.

Hili hutokea mkanda unapooanishwa kambini, watu kumi wakiwa wamevaa mikanda yao. Saa huchukua ule ilioupata kwanza na kuhifadhi namba yake ya utambulisho. Tangu hapo, mwenzako akiwa karibu anapasha mwili moto, unasoma mapigo yake. Akikuacha mbio, namba hupotea, nawe unadhani betri imeisha.

Futa mikanda yote iliyo kwenye orodha ya saa. Rudi nyumbani, oanisha ukiwa peke yako, kisha ufungue maelezo ya kihisi hicho kwenye saa usome namba yake. Iandike kwa kalamu ya wino usiofutika nyuma ya kisambazaji. Kikundi kizima kikifanya hivyo, mikanda haitachanganyikana hata ikianikwa kamba moja. Anayenunua mkanda uliotumika naye amwombe muuzaji aufute kwenye saa na simu zake.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili. Kama huvai mkanda, na namba hupanda dakika ya kwanza tu ya kukimbia na kuganda karibu na 175, zihesabu hatua zako. Zikiwa nazo ni 175 kwa dakika, basi taa za nyuma ya saa zinazosoma damu mkononi zimeshika mtikisiko wa mkono badala ya mapigo. Baridi ya alfajiri ya Iten, mahali palipo kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, huongeza tatizo kwa sababu mishipa ya mkononi husinyaa na damu ya kusomwa hupungua. Vaa saa juu ya mkono wa sweta? Hapana, ivae ndani yake, kwenye ngozi, upana wa vidole viwili juu ya kifundo, na uikaze kabla ya kuanza. Kwa mazoezi ya kasi ya kupokezana na mapumziko, mkanda wa kifuani bado haujapata mpinzani.

Assalaam alaykum. Naogelea baharini na mkanda. Nikiingia majini tu, saa inaonyesha vistari badala ya mapigo. Nimeharibiwa na chumvi?
*Msomaji, Unguja*

Wa alaykum salaam. Chumvi haijafanya kosa, bado. Bluetooth na ANT+ zote hutumia mawimbi ya karibu gigahezi 2.4, na maji huyameza mawimbi hayo ndani ya sentimita chache. Hakuna mpangilio wa saa utakaobadilisha hilo.

Unachohitaji ni mkanda wenye kumbukumbu yake wenyewe, kama Garmin HRM-Pro. Unapoogelea hujihifadhia mapigo, halafu huyatuma kwenye saa ukishatoka na kuhifadhi zoezi. Wengi huharibu hapo hapo: wanavua mkanda ufukweni kwanza, ndipo wanahifadhi. Mkanda ukivuliwa hulala, na saa hupokea zoezi tupu. Toka majini, hifadhi ukiwa bado umeuvaa, subiri umalize kutuma, ndipo uvue.

Kisha ndiyo habari ya chumvi. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ile ile. Kama kisambazaji hubanduka, kibandue na kukikausha kando. Mkanda mbichi ulioachwa nacho hukidanganya kwamba umevaliwa, na betri ya miezi mingi huisha wiki chache.

Kihisi changu cha kiatuni kinanipunja kwenye tredmili. Nakimbia kilomita 10, saa inasema 9.6.
*Msomaji, Nairobi*

Usirekebishe kwa kuiamini tredmili, kwani nayo hukosea mkanda wake unapolegea. Nenda kwenye uwanja wenye njia ya mita 400, kimbia mizunguko 4 kwenye njia ya kwanza, karibu na ukingo wa ndani, kwa mwendo wako wa kawaida. Hakikisha saa inachukua umbali kutoka kwenye kihisi cha mguu, si GPS, la sivyo utakuwa umepima setilaiti. Tuseme imeonyesha mita 1,540. Gawa 1,600 kwa 1,540, zidisha kwa kipimo cha kurekebisha kihisi kilichomo sasa kwenye saa. Kama kilikuwa 100, kipya ni 103.9. Usihamishe kihisi kwenda kiatu kingine bila kupima upya, na kikae kimebanwa na kamba bila kucheza.

Spika za masikioni zinakatika kila nikiweka simu mfukoni na muziki ukitoka kwenye saa.
*Msomaji, Dodoma*

Mwili wako ni maji, na umesoma hapo juu maji hufanya nini. Vaa saa upande ule ule wa sikio linalopokea, kwa spika nyingi ni la kulia. Na uzime Bluetooth ya simu, kwa sababu spika hupenda kurudi kwa mwenyeji wa kwanza.

Assalaam alaykum kutoka Maskati. Nina Apple Watch na pedali za kupima nguvu. Zinaungana, lakini wati hupanda na kushuka kati ya siku na siku ingawa juhudi ni ile ile.
*Mwendesha baiskeli, Maskati*

Wa alaykum salaam. Apple Watch haisikii ANT+, ila tangu watchOS 10 ya mwaka 2023 inapokea vihisi vya baiskeli kwa Bluetooth, kwa hiyo upande wa kuungana uko salama.

Tatizo ni joto. Pedali hupima jinsi chuma kinavyopinda chini ya mguu. Baiskeli ikitoka chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye nyuzi 40 za nje, chuma hubadilika na sifuri yake huhama. Iache nje dakika 15 kwanza. Kisha simamisha baiskeli, ondoa miguu kwenye pedali, na uweke sifuri kupitia programu ya mtengenezaji kwenye simu. Ukimaliza funga programu hiyo kabisa, la sivyo itashika nafasi ya Bluetooth na saa itakosa.

Angalia pia urefu wa krenki, yaani mkono unaobeba pedali, ulioandikwa kwenye programu. Namba halisi imegongwa upande wa ndani wa mkono wa krenki, karibu na tundu la pedali: 170, 172.5 au 175. Ukiwa na 170 na programu inadhani ni 175, wati zako zimeongezwa kwa karibu asilimia 3, na 250 husomeka 257.