Kwa nini maabara inarudisha sampuli zako za damu ilhali mshipa umeupata

Mwanafunzi wa uuguzi ameuliza kwa nini sampuli zake zinarudishwa kwa maelezo kuwa seli nyekundu zimepasuka, ilhali mshipa anaupata kwa mchomo wa kwanza. Kazi ya kuchukua damu nimeifanya wodini na kliniki kwa miaka mingi, na ninavyoona mimi, damu huharibika zaidi kwa haraka zetu kabla na baada ya mchomo kuliko kwa mchomo wenyewe.

Tuanze na mpira wa kufungia mkono. Ufungwe sentimeta 7 hadi 10 juu ya mahali unapokusudia kuchoma, ukaze kiasi cha kuzuia damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) isipande huku mapigo ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) yakiendelea kusikika kwenye kifundo cha mkono, na ni vyema usizidi dakika 1. Ukikaa sana, maji hupenya nje ya mishipa, seli na protini zikabaki zimejazana, na majibu yakabadilika hata kama sampuli inapendeza kwa macho. Kwa sababu hiyo mimi hufunga mara mbili: kwanza kutafuta mshipa, kisha nalegeza ninapoandaa vifaa na kusafisha ngozi, halafu nafunga tena wakati wa kuchoma. Usimwambie mgonjwa akunje na kukunjua ngumi kwa nguvu, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hutoa potasiamu, na daktari anaweza kuona potasiamu imepanda akaanza kutibu tatizo lisilokuwepo.

Mshipa utafute kwa kidole cha shahada hata pale unapodhani umeuona. Vena nzuri hubonyea na kurudi juu, wala haina mapigo. Kano huwa ngumu kama kamba. Ule wa katikati ya mkunjo wa kiwiko ndio wa kutangulizwa, kwani ni mkubwa na umetulia, na ule wa upande wa ndani uwe wa mwisho kwa sababu ateri na neva ziko karibu. Bibi mmoja wa kliniki ya kisukari alinijia na mikono yote miwili imevilia damu, na juu ya ngozi hapakuwa na dalili ya mshipa. Tuliuning'iniza mkono, tukaukanda kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na vena ikajaa chini ya kidole changu, upande wa nje, mahali ambapo hapakuwa na alama hata moja ya sindano.

Sasa nifike kwenye kasoro ninayoihisi kwako. Spiriti ya asilimia 70 isuguliwe kwa sekunde 30, kisha iachwe ikauke yenyewe kwa sekunde nyingine 30, bila kuipuliza wala kugusa tena mahali hapo, maana ikiwa mbichi humuunguza mgonjwa na inaweza kupasua seli. Sindano ya geji 21 (kipimo cha unene wake) humfaa mtu mzima mwenye mishipa ya kawaida. Iingie tundu lake likitazama juu, kwa nyuzi 30 au pungufu. Ukitumia bomba la sindano, vuta polepole, na usisukume damu kwa nguvu kupitia kizibo. Iache chupa, ambayo ndani imeondolewa hewa, ivute damu yenyewe.

Chupa zifuate mpangilio huu wa rangi za vifuniko: buluu, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu. Dawa ya kuzuia damu isigande iliyo katika chupa ya zambarau, EDTA, kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu, hivyo kiasi kidogo kikihamia chupa nyekundu hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu. Zigeuze taratibu, ile ya zambarau mara 8 hadi 10, bila kuzitikisa.

Mpira uulegeze kabla ya kuchomoa sindano. Mgonjwa akandamize pamba mkono ukiwa umenyooka, sindano iende moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama bila kurudishiwa kifuniko, na majina yaandikwe hapo hapo kitandani baada ya yeye mwenyewe kulitaja jina lake.

Kesho mwombe mtaalamu wa maabara akuonyeshe sampuli yako iliyokwisha kuzungushwa kwenye mashine, uione seramu (majimaji yanayobaki juu ya seli) ilivyo na wekundu badala ya rangi ya manjano. Kisha rekebisha jambo moja moja, ukianza na spiriti na namna unavyolivuta bomba, ukimuuliza kila mara sampuli zimetokaje.