Kaeni kwa mhunzi mpaka msumari uishe

Jumamosi tuliingia makumbusho hai, yaani kijiji cha kale ambamo mafundi hufanya kazi mbele ya wageni, na ramani mkononi, nami nimepania tuone kila nyumba. Shule, kinu, zizi, karakana ya seremala: tulichungulia kote na kupita. Jioni nikawauliza wanangu wamependa nini, wakabaki kutazamana. Iliniuma, maana mimi ndiye niliyewakimbiza.

Jumapili tulirudi asubuhi na mapema, moja kwa moja kwa mhunzi, akiwa ndiyo kwanza anawasha makaa. Hapo tulikaa karibu saa nzima. Alipasha moto ufito wa chuma, akautoa ncha kwa nyundo juu ya fuawe, akautia alama ya kukatia, akauchomeka kwenye tundu na kuuvunja, kisha akaugonga juu mpaka ukapata kichwa. Msumari mmoja! Binti yangu akauliza mbona mle ndani kuna giza. Mhunzi akaweka nyundo chini kabisa ili amjibu. Joto la chuma, alisema, analisoma kwa rangi: wekundu, rangi ya machungwa, njano. Kwenye jua kali rangi hizo hupotea, na chuma kikizidi moto hutoa cheche na kuungua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagueni kazi mbili au tatu tu, na kila moja mkae mpaka kitu kikamilike. Mwaka 1891, Msweden Artur Hazelius alipofungua Skansen, makumbusho hai ya kule Stockholm, Sweden, alihamishia hapo nyumba za vijijini, lakini aliweka pia watu wenye mavazi ya kwao, wanamuziki na mafundi. Nyumba tupu hazikumtosha. Kwa nini sisi zitutoshe?

Jambo jingine: sikilizeni mfanyakazi anavyojieleza. Wengine huigiza mtu wa zama zile. Huyo ukimuuliza habari za umeme hatakuelewa, muulize ameamkia kazi gani leo. Wengine huvaa nguo za kale lakini huzungumza kama mtu wa leo, na hao waulizeni lolote, hata walijifunzaje ufundi wao.

Viatu viwe vya kutembelea kwenye vumbi na mawe. Watoto wasisogelee moto, na msumari uliotoka kufuliwa wasiuguse hata kama wekundu umekwisha, bado unaunguza.

Na kabla hamjaondoka jioni ya kwanza, mwulizeni fundi mliyempenda: kesho unawasha moto saa ngapi?