Commodore 64: Utajuaje Bodi Iliyo Ndani?

SWALI: Nimenunua kompyuta mbili za Commodore 64 za mitumba hapa soko la Kibuye, moja ya kasha la kahawia na nyingine ya rangi ya maziwa. Ya kahawia ina picha nzuri ila haina sauti. Je, naweza kung'oa chipu ya sauti ya ile nyingine nikaiweka hapa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Usiing'oe bado, ndugu. Chipu za sauti ni za aina mbili: 6581 inayotumia volti 12, na 8580 inayotumia volti 9. Zote huingia kwenye soketi ileile bila shida, na hapo ndipo watu huunguza 8580 nzima.

Rangi ya kasha si ushahidi wa aina ya chipu iliyomo, kwa sababu bodi za zamani zilifungwa pia ndani ya makasha mapya. Chomoa umeme, pindua mashine, toa skrubu tatu za ukingo wa mbele, kisha chomoa waya wa kibodi na wa taa. Ondoa kifuniko cha juu ya bodi na utafute neno ASSY (kifupi cha "assembly") lenye nambari ya tarakimu sita; hiyo ndiyo aina ya bodi. Bodi 326298 (ya kwanza, tundu la video la pini 5), 250407, 250425 na 250466 ni ndefu na zote hutumia 6581. Fupi ni 250469, ya 8580. Kwenye bodi hiyo fupi utaona pia nambari nyingine, 252311, usiichukue hiyo kuwa ndiyo ASSY. Inayopotosha zaidi ni 250466: ina chipu 2 tu za memori badala ya 8, kama ile fupi, lakini ni ya volti 12.

Maandishi yakiwa yamefutika, washa mashine na upime volti kati ya pini 28 na pini 14 ya soketi ya sauti. Pini 28 inatazamana na pini 1, upande wenye kikato. Shika ncha ya mita kwa uthabiti. Ikiteleza na kugusa pini 27, utaharibu njia ya sauti.

Kabla ya kuwasha, pima adapta: kati ya pini 5 na 2 ya plagi isizidi volti 5.2. Adapta za asili zikichoka hupandisha volti na kuua memori.

Ikiwa bodi ya kahawia ni ndefu, volti 12 hulisha pia chipu ya picha, 6569, kwa hiyo picha nzuri ni dalili kuwa umeme upo. Zima, ichomoe chipu ya sauti, safisha miguu yake na uirudishe. Unyevu wa ziwani hufanya soketi ziote kutu. Isiposikika bado, hamisha ya pili, mradi nayo ni 6581.