Ogopa mteremko: kwa anayekimbia marathoni ya vilima Mombasa mara ya kwanza

Ukimwambia mtu wa bara kwamba Mombasa kuna marathoni ya vilima, atakucheka. Mombasa anayoijua yeye ni Nyali na ufuo wa Bamburi, mchanga umelala sawasawa kama mkeka. Muulize basi kama amewahi kuipa bahari mgongo, akapita Kiembeni, akaendelea na njia ya Mwakirunge. Huko ndiko kwenye Nguu Tatu. Nguu, kwa Kiswahili cha wazee, ni kilele cha kilima, kwa hiyo jina lenyewe limeshakuonya, tena limekuhesabia.

Mbio ninazozizungumzia ni ndogo. Zinaandaliwa na watu wa mtaani, na mwaka nilioanza mimi tuliojiandikisha kilomita 42 nzima hatukufika hamsini. Wengi walikimbia kumi, wengine nusu marathoni, wakaenda zao kula pilau. Nimeshazikimbia mara nne sasa. Ile ya kwanza nilikiona cha mtema kuni, na yale makosa yangu nayaona kila mwaka kwa wageni, mengine yakirudiwa vilevile, hatua kwa hatua.

Kubwa kuliko yote ni hili: nilijiandaa kupanda, sikujiandaa kushuka.

Mimi ni mtu wa Likoni. Kilima changu cha mazoezi kilikuwa kile cha feri. Kila Jumapili alfajiri, kabla watu hawajajaa, nilikuwa napanda kwa mbio kutoka majini hadi juu barabarani, halafu nashuka kwa kutembea nikivuta pumzi. Mara kumi, mara kumi na mbili. Nikajiona simba. Miezi mitatu ya kupanda, na hata siku moja sikushuka kwa mbio, kwa sababu kushuka nilikuona ni mapumziko.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu kila Jumapili, sikuliona tu. Pale feri hawakosi vijana wa mikokoteni. Mtazame mmoja akipanda: ameinama, anavuta, jasho linamtoka. Sasa mtazame akishuka na mzigo uleule. Amejiegemeza nyuma, visigino vimekita lami, mapaja yanatetemeka, maana mkokoteni unataka kumkimbia na breki ni yeye mwenyewe. Muulize kipi kinamuumiza miguu zaidi.

Na mwili wako ukishuka kilima ndivyo unavyofanya. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja na kukusukuma. Ukishuka, msuli uleule unakaza huku unavutwa kuwa mrefu, ili goti lisikunjike ukaanguka. Kazi hiyo ya kuzuia ndiyo inayochana nyuzi ndogo ndogo za msuli. Ubaya wake ni kwamba hutajua papo hapo. Pumzi imetulia, upepo unakupiga usoni, unawapita watu, unaona raha. Deni linakuja kudaiwa saa mbili baadaye.

Mimi nilidaiwa kwenye kilomita ya 29. Mzunguko wa kwanza, kati ya miwili ya njia yetu, niliumaliza kwa saa mbili na dakika tano, nikasema moyoni leo ni leo. Miteremko yote nilikuwa nimeitupia miguu kama mtoto anayekimbizana. Mzunguko wa pili, kwenye mteremko wa kwanza tu, nilipokanyaga paja likakataa. Halikuuma sana, lilikataa tu, kama nyonga na goti si za mtu mmoja. Nikawa naweza kupanda lakini kushuka siwezi. Nilishuka vilima vyote vilivyobaki kwa upande, kama kaa. Mzunguko ule ulinichukua saa tatu na dakika kumi.

Sasa sikiliza habari njema. Msuli hujifunza upesi. Ukiufanyisha kazi ya kushuka mara moja, ukauma siku mbili tatu, ukirudia baada ya wiki hautauma vile tena, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo anza wiki nane kabla ya mbio. Tafuta mteremko wa wastani, si ule mkali kabisa, ushuke kwa mbio laini mara nne tu siku ya kwanza. Ongeza kidogo kidogo hadi nane au kumi. Zoezi la mwisho la namna hiyo lifanye kama wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kisha acha miguu ipone. Ukiwa huna kilima karibu, ngazi za ghorofa zinasaidia, mradi ushuke kwa adabu na usigongane na majirani. Changamwe nako kuna kilima kizuri ukitokea Kibarani, lakini sikushauri: malori ya makontena yale hayana habari na wewe.

Jinsi yenyewe ya kushuka: hatua fupi, za haraka, mguu utue chini yako. Mgeni hutupa mguu mbele, kisigino kikatangulia, kila hatua ikawa breki. Usijiegemeze nyuma, inama kidogo kufuata kilima. Mikono iache ipanuke. Ukisikia nyayo zako zinapiga makofi, unashuka vibaya. Anayejua kushuka humsikii, unashtukia tu yuko kando yako.

Kupanda nako nitasema machache, kwa sababu kupanda kunajifundisha kwenyewe. Usiangalie juu ya kilima, angalia hatua kumi mbele. Na tembea bila haya. Mwaka ule wa kwanza kulikuwa na mzee mmoja, kofia ya kitambaa, kaptura ya zamani, kila kilima kikianza anaacha kukimbia, anaweka mikono kiunoni, anatembea kwa haraka. Nikampita mara tatu, na mara zote tatu akanikuta mbele. Mara ya mwisho akaniambia, “Mwanangu, kilima hakikimbiwi kwa hasira.” Nikamwamkia tu, shikamoo mzee, sikuwa na pumzi ya zaidi ya hapo. Alimaliza dakika arobaini kabla yangu.

Sasa joto. Wengine wanafikiri jua la Mombasa linawasumbua wasio na mazoezi peke yao. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapahapa kwetu, kwenye uwanja wa gofu kule Kizingo, kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa amebeba mbio fupi na ndefu zote mbili miaka 5 mfululizo, 2002 hadi 2006. Siku ile, katika mbio za kilomita 12 tu, joto na unyevu wa hewa vilimmaliza akaacha kabla ya kufika mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kama yeye aliachia kwenye kilomita 12, wewe na mimi wa 42 tuwe na heshima kidogo.

Shida yetu si jua pekee, ni unyevu. Jasho hukupoza likikauka mwilini. Hapa halikauki, linadondoka tu, umeyapoteza maji na hukupata baridi yake. Ndiyo maana mbio zetu huwa kipindi cha kusi, upepo wa miezi yenye nafuu ya joto, Julai au Agosti, na huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jua linachomoza kama saa moja baadaye. Hiyo saa ya giza ni dhahabu, lakini pia ni mtego: kuna ubaridi, miguu mipya, utakimbia kupita kiasi. Kama unatoka Eldoret au Nairobi, jitahidi ufike kama wiki mbili kabla ili mwili uzoee. Ukishindwa, punguza mwendo tangu mwanzo, usingoje kupunguzishwa.

Maji kunywa kidogo kidogo, kila meza ya maji. Usibugie. Nimeona kijana mmoja akinywa chupa baada ya chupa kwa woga, akaishia kutapika na kuweweseka. Maji matupu mengi huizimua chumvi ya damu, na hilo ni hatari kama kukosa maji. Mimi hubeba kijikaratasi cha chumvi, nakilamba na kipande cha chungwa. Chakula ukiwa njiani, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani inakupa kama 25. Tende ndizo rafiki zangu: zimeshasagika nusu kabla hujatafuna, na zinakaa mfukoni bila kulalamika. Toa kokwa nyumbani. Kutema kokwa huku unahema ni kazi nyingine kabisa.

Asubuhi yenyewe usile mahamri kwa mbaazi. Najua. Mimi pia navipenda. Mafuta na nazi vitakukumbusha kwenye kilima cha pili. Chai ya rangi na vipande viwili vya boflo vinatosha, saa mbili kabla.

Hayo tisa, kumi ni udogo wenyewe wa mbio. Marathoni kubwa unabebwa na watu. Huku kuanzia kilomita ya 25 unaweza ukakaa nusu saa humuoni mkimbiaji mwingine. Unakutana na mbuzi, na mama anachota maji, na watoto wanaokuuliza unakimbia nini na wenzako wamemaliza zamani. Njia ni mizunguko miwili, na mpangilio huo ni ukatili ambao hakuna anayekutajia unapojiandikisha: kwenye kilomita 21 unapita mlangoni pa uwanja wa kumalizia kabisa. Wa nusu marathoni wamekaa chini ya mwembe, wana medali, wana soda, na harufu ya pilau inakufuata hadi barabarani. Mwaka jana niliwaona wanne wakikata kona pale na kuingia uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mgonjwa. Nakushauri uamue nyumbani, usiamulie pale mlangoni. Mimi siku hizi napita upande wa pili wa barabara, sigeuzi shingo.

Halafu weka noti ya mia kwenye soksi. Mwaka wangu wa kwanza, meza ya maji ya kilomita ya 33 niliikuta meza tu. Chupa zimekwisha, kijana wa kujitolea amekaa juu ya kreti anaomba radhi. Sikumlaumu, maana hawana fedha. Mbele kidogo kulikuwa na kiduka cha mabati. Nikavua kiatu, nikatoa noti imelowa jasho, imejikunja kama jani la mvuje. Mwenye duka, mzee wa makamo, akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaiangalia, akaipachika kwenye wavu wa dirisha ipepewe na upepo, ndipo akanipa maji na kipande cha sukari guru. Chenji akasema nitaipitia mwakani. Niliipitia kweli, na akanipa.

Kuhusu raba, usihangaike na za bei mbaya. Nimenunua zangu Kongowea kwenye mitumba mara zote. Bonyeza soli katikati kwa kidole gumba: ikibonyea na kurudi, bado ina uhai, ikibaki na shimo, iache. Chagua inayozidi mguu kidogo, kama upana wa kidole, kwa sababu kwenye mteremko mguu unateleza mbele na vidole vinagonga kila hatua. Nilipoteza kucha mbili za vidole gumba kwa sababu ya nusu saizi. Kata kucha siku tatu kabla, na siku yenyewe funga kamba kwa kubana pale juu ya kifundo, siyo juu ya vidole. Usivae mpya siku ya mbio, na hili huambiwa kila mtu, na kila mwaka yupo anayekuja na viatu vinavyong'aa.

Paka mafuta ya mgando, mengi, kwapani, katikati ya mapaja, na wanaume kifuani kwenye chuchu. Mafuta ya nazi hayafai. Kilomita tano tu yameshatiririka. Nilikataa kuamini, nikaoga siku ile nikipiga kelele hadi mke wangu akaja kugonga mlango.

Muda je? Kelvin Kiptum alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, na Kipchoge alikimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Njia zote mbili hizo ni tambarare na zilikuwa na hewa ya ubaridi. Usichukue hata muda wako mwenyewe wa Nairobi ukauleta Nguu Tatu. Mwaka wa kwanza mimi niliangalia saa ya mkononi kila kilomita nikajitia wazimu. Sasa naiacha nyumbani, nakimbia kwa pumzi: nikipanda, niweze kutamka maneno matatu, tambarare, niweze kumsalimu mtu salamu kamili na kuitikia. Nikishindwa, napunguza.

Ukimaliza usikae chini mara moja. Tembea dakika kumi, kunywa, kula kitu chenye chumvi, ndipo ulifikie pilau. Maumivu ya mapaja hayatakuwa makali siku ile. Yanapanda kesho na keshokutwa. Nyumba yetu iko ghorofa ya pili, na Jumatatu ile nilishuka ngazi kinyumenyume nimeshika ukuta, watoto wa jirani wakinihesabia vidato. Na jioni ukirudi na matatu, mwambie makanga mapema kituo chako, tena mwambie akusubiri. Kile kidato cha mlangoni ndicho kilima cha mwisho, na kinashukwa.