Adhana Alisomewa, Mimi Sikuwepo

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, mwanangu ana miezi mitatu. Nianze lini kumfundisha dua?" Swali limenigusa penye kidonda.

Mwanangu wa kwanza alisomewa adhana sikio la kulia, iqama la kushoto, na siku ya saba akachinjiwa akika, mbuzi wawili. Nikajiona nimemaliza. Siku zangu 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha nikarudi kazini, na jioni nafika na simu mkononi, mtoto namchungulia tu. Dini itakuja, nikajiambia, si tumeagizwa kuwaamrisha swala wakifika miaka saba?

Siku moja, ana mwaka na nusu, alianguka barazani. Nikapiga magoti nikamfungulia mikono. Akanipita mbio, akaenda kujificha kwenye kanga ya dada wa kazi. Usiku ule nikamwekea mkono kichwani nimsomee Ayatul Kursi, akautoa. Mpaka leo nikikumbuka, koo linanikaba.

Baadaye nilisoma habari za Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyewafuatilia akina mama 26 wa vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Aliona mtoto anayemwamini mama yake hutambaa kwenda mbali, akageuka kumtazama, kisha akaendelea. Wangu naye aligeuka, ila hakunitafuta mimi.

Wa pili nilimbeba. Likizo ileile, kazi ileile, simu ndiyo iliyobaki kwenye pochi. Namwogesha mwenyewe, namfunga mgongoni, nasoma Fatiha kwa sauti ya chini kila jioni. Wifi zangu wakasema namdekeza, atazoea kubebwa. Na azoee! Ana miezi kumi na moja sasa. Nikisujudu hutambaa mpaka kwenye mswala akaweka paji lake kando ya langu. Hakuna aliyemfundisha.

Basi anza leo, mdogo wangu. Akilia, nenda. Akikutazama, mtazame. Dua msomee ukiwa umempakata. Hajui maana ya Rahmani, lakini anakijua kifua kinacholitamka neno hilo, anajua kama kinamwitikia anapolia au la. Akina mama wenzangu, kazi hii msimwachie ustadhi wa madrasa.

Wa kwanza ametimiza miaka saba. Kila usiku naketi ukingoni mwa kitanda chake, nasoma. Mkono nauweka juu ya shuka, karibu naye.