Usimfuate mnyama kabla hujaangalia video

Mi ni mkulima na upinde nimeushika toka nina miaka 9, baba ndo alinichongea wa kwanza, kwahiyo nikisema napenda kuwinda kwa mshale naongelea kitu ambacho kimekaa na mimi maisha yote. Kamera ilikuja baadae sana. Nilinunua nikidhani nitatunza kumbukumbu tu, kumbe ile kamera ndo ikaja kunifundisha kuwinda upya.

Kuna jioni moja siisahau, swala dume alitoka pembeni ya shamba akasimama kama mita 25 kutoka kwenye dungu langu, ametulia kabisa, nikaachia mshale na ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba umeingia nyuma ya bega pale pale ninapotaka. Nikasubiri dakika 10 nikashuka nikaanza kufuata damu. Nikamkuta amelala kichakani, akaniona, akainuka akakimbia akavuka korongo na sikumpata tena, nimemtafuta siku mbili nzima. Usiku wa siku ya kwanza ndo nikakumbuka kuangalia video, nikaipunguza spidi, na hapo nikaona: wakati naachia kamba alikuwa ameshaanza kupiga hatua mbele, mshale umeingia tumboni. Jicho langu liliona kile nilichotaka kuona. Ningemwacha pale alipolala mpaka asubuhi angefia palepale na nisingempoteza, na mpaka leo inaniuma.

Toka siku ile ukishapiga, kaa juu, usishuke, angalia video kwanza, rudia hata mara 10. Mshale hauui kama risasi, unaua kwa kumwaga damu, ndo maana unatakiwa umpige akiwa amekupa ubavu au amegeuka kidogo kuelekea mbali na wewe, ili chembe, yaani ncha kali ya mshale, ipite kwenye mapafu yote mawili. Ukiona ni mapafu, damu itakuwa nyekundu ya kung'aa ina povu, subiri nusu saa inatosha. Damu ikiwa nzito nyeusi nyeusi ujue ni ini, mpe masaa 4 hivi. Na mshale ukiwa na majani yaliyosagwa na ile harufu ya tumbo basi nenda nyumbani, masaa 8 au zaidi, kama ni jioni rudi alfajiri. Shida ni mvua tu maana inaosha damu yote, ndo mana siku yenye dalili ya mvua mi huwa siendi kabisa.

Kitu kingine ambacho nisingekijua bila video ni jinsi mnyama anavyoikwepa sauti. Sauti inaenda karibu mita 340 kwa sekunde, mshale wangu kama mita 80 tu, yaani akiwa mita 30 anausikia mlio wa kamba muda mrefu kabla mshale haujafika, anachuchumaa ili aruke na mwili wote unashuka, mshale unapita juu. Nilikuwa nalaumu shabaha yangu miaka na miaka! Sa hivi mnyama akiwa na wasiwasi, masikio yamesimama, simpigi hata akiwa karibu.

Upande wa kurekodi, bonyeza kitufe kabla hujagusa upinde, kila siku, ifanye iwe mazoea kama kufunga geti la ng'ombe. Zima milio yote ya kamera. Fokasi funga kwa mkono, ukiiachia yenyewe itashika majani ya mbele na mnyama atakuwa ukungu. Kama kamera inaweza fremu 120 kwa sekunde, yaani picha 120 kila sekunde, tumia hizo, ndo utaona mshale ulipoingia. Na jioni kamera inaishiwa mwanga mapema kuliko jicho lako, mi nimejiwekea kwamba kamera isipoona sipigi. Nimeacha madume wazuri sana wakapita hivyo hivyo na wala sijutii.

Upepo sisi wakulima tunaujua, tunauona kwenye moshi na vumbi kila siku, ila beba jivu laini kwenye kitambaa ulirushe kidogo kidogo, maana kwenye mteremko hewa hupanda asubuhi jua likishachoma na hushuka jioni ardhi ikipoa, dungu lililokufaa asubuhi jioni linakusaliti. Na shamba likishavunwa usikae ulipokaa mwanzo, wanyama wamepoteza maficho yao yote kwa siku moja, wafuate kwenye vichaka vya pembeni, tafuta nyayo mpya na kinyesi kibichi ndo upandishe dungu.

Sisi tumemaliza kuvuna juzi, kibali kiko mfukoni, na kijana wangu ambaye mwaka huu ndo atashika kamera nimemwambia sitavuta kamba mpaka aniguse bega kwamba amempata kwenye skrini. Betri zote 4 ziko kwenye chaji.